Bao Lililofungwa Tuta Likiwa Tupu

Ngano, ngano!

— Na ije!

Ije na kichwa chake?

— Na mkia wake!

Na atakayeondoka kabla ya mkia?

— Shauri yake!

Haya, nimewasikia. Na ninyi mliokaa karibu na mlango, viatu mmeshavaa, nimewaona pia. Kaeni.

Zamani, wanyama walipokuwa na vyuo vyao, palikuwa na Chuo cha Miambani. Hakikuwa chuo kikubwa. Madarasa yalikuwa mapangoni, jiko lilikuwa moja, kengele ilikuwa na ufa. Lakini uwanja wa mpira! Nyasi zake zilikuwa fupi, nene, za kijani, laini kama manyoya ya kifaranga. Upande mmoja wa uwanja palikuwa na tuta refu la udongo, na tutani ndiko walikokaa mashabiki. Upande wa pili palikuwa na mto, na juu ya mto palikuwa na gogo, na kila aliyetaka kurudi nyumbani baada ya mechi alipita juu ya gogo hilo, mmoja mmoja.

Kipa wa timu ya chuo alikuwa Pimbi. Mnamjua Pimbi: mdogo, mnene kidogo, hana mkia. Kabla yake golini alikaa Nungunungu, na Nungunungu alidaka kila mpira, ila kila mpira alioudaka ulitoboka: psssss! Mipira ya chuo ikakaribia kwisha. Ndipo Nungunungu akapelekwa kucheza winga, na Pimbi akaitwa golini.

Pimbi alikuwa na wasiwasi. Alikuwa na wasiwasi kabla ya mechi, katikati ya mechi, na baada ya mechi. Asubuhi alipima upana wa goli kwa hatua zake, mchana akaupima tena, kana kwamba nguzo huwa zinatembea. Wenzake walimcheka, mpaka siku moja akakuta kweli nguzo moja imesogea. Ngiri alikuwa amejikunia mgongo pale. Tangu siku hiyo hawakumcheka tena, au walicheka akiwa mbali.

Sasa, mtoni aliishi Kiboko. Kiboko alikuwa mkubwa, alikuwa na nguvu, na tumbo lake halikujua neno "yatosha". Alikula majani ya upande huu wa mto, akayamaliza. Akala majani ya upande ule, akayamaliza. Akainua kichwa atafute mengine, akauona uwanja. Mate yakamdondoka: cho, cho, cho.

Akaenda kwa Bibi Kobe, mwamuzi wa mambo yote ya bonde lile. Wanyama wote wakakusanyika kusikiliza.

"Bibi," akasema Kiboko, "haki iko wapi? Nyasi tamu namna ile, na kazi yake ni kukanyagwa na vijana wanaokimbiza kitu cha mviringo! Hata kushinda hawashindi. Nipe uwanja niufanye malisho."

Pimbi akaruka kutoka alipokaa. "Bibi, uwanja si wa vijana tu! Ni wa bonde zima. Siku ya mechi tuta linajaa, hakuna pa kukanyaga!"

"Leo linajaa," Kiboko akasema. "Kesho je?"

"Na kesho litajaa!"

"Una hakika gani?"

Na Pimbi, ambaye akiogopa, mdomo wake hukimbia mbele, akili ikachechemea nyuma, akasema kwa sauti: "Siku kipenga cha mwisho kitakapolia bila mtazamaji hata mmoja tutani, uchukue uwanja wote, na magoli yake!"

Lo! Pimbi mwenyewe aliyasikia maneno yake yakiwa yameshafika mbali. Wachezaji wenzake wakamtazama. Digidigi, mfungaji wao, akajifunika macho kwa kwato.

Bibi Kobe akatoa kichwa chake taratibu. "Limetamkwa mbele yetu sote," akasema. "Basi tutaliamua siku ya mechi ya mwisho wa msimu. Mtazamaji ni yule anayekaa tutani akiutazama mchezo. Mchezaji si mtazamaji. Refa si mtazamaji. Kipenga cha mwisho kikilia na mtazamaji hayupo, uwanja ni wa Kiboko. Akiwepo mmoja, mmoja tu, uwanja ni wa chuo, na Kiboko asiutaje tena maishani mwake."

Kiboko akacheka: ho, ho, ho! Akarudi mtoni: chubwi!

Mechi ya kwanza ya msimu ikafika. Tuta likajaa kweli. Kiboko akaja, amejipaka tope mwili mzima, akakaa katikati ya mashabiki. Mpira ukachezwa. Zilipobaki dakika chache, Kiboko akainuka: guuu! Tuta likatikisika.

"Jamani, mimi naondoka," akasema. "Gogoni kutajaa."

Kanga akageuka. "Kutajaa?"

"Kutajaa, mama. Na wewe una watoto."

Kanga akawakusanya vifaranga wake, akaondoka: pita, pita, pita. Ngiri akamwona Kanga anaondoka, naye akaondoka. Tumbili akamwona Ngiri anaondoka, naye akaondoka. Wakafika gogoni wote kwa pamoja, wakasukumana, wakakanyagana, Ngiri akaanguka majini.

"Mmeona?" Kiboko akawaambia, akiwa anaelea pembeni. "Nilisema kutajaa!"

"Kweli, mzee, ulisema!" wakajibu. "Mechi ijayo tuwahi zaidi."

Mechi ya pili, Kiboko akainuka mapema zaidi: guuu! "Gogoni kutajaa!" Kanga akaondoka: pita, pita, pita. Ngiri akaondoka. Tumbili akaondoka. Mechi ya tatu, kipindi cha pili ndiyo kwanza kimeanza: guuu! "Gogoni kutajaa!" Pita, pita, pita. Ikafika mahali Ngiri alikuja uwanjani, akauliza nani anaongoza, akaambiwa mechi haijaanza, akasema, "Basi nitasikia matokeo," akaenda zake.

Na Pimbi, amesimama golini, aliona yote. Kipa huona uwanja mzima, na nyuma ya uwanja huona tuta, na kila mechi aliona tuta likipungua kama chungu cha uji penye watoto wengi. Mpira ukija alikuwa anatazama tuta. Basi wakawa wanafungwa, na walivyofungwa ndivyo mashabiki walivyoondoka, na mashabiki walivyoondoka ndivyo Pimbi alivyofungwa.

Siku moja akamfuata Kanga nyumbani kwake.

"Mama Kanga, hebu niambie. Kiboko anapita gogoni?"

Kanga akafikiri. "Hapiti. Anapita majini."

"Sasa gogo likijaa yeye linamhusu nini?"

"Ndiyo maana anajua, mwanangu! Sisi tukiwa juu ya gogo tunaona mgongo wa aliye mbele tu. Yeye yuko chini, analiona gogo zima."

Pimbi akashusha pumzi. "Basi nakuomba, siku ya mechi ya mwisho kaa mpaka kipenga. Wewe tu. Nakuomba kwa watoto wako."

"Nitakaa, mwanangu. Ila si Ngiri atakuwepo?"

Akaenda kwa Ngiri. "Nitakaa," akasema Ngiri. "Ila si Tumbili atakuwepo?"

Akaenda kwa Tumbili. "Nitakaa," akasema Tumbili. "Ila si Kanga atakuwepo? Na nikuambie ukweli, dada? Mnafungwa kila siku. Tukae mpaka mwisho tuone nini?"

Pimbi akaitazama miguu yake, kwa kuwa mabao yote hayo yalipita katikati yake.

Kabla ya mechi ya mwisho, Kiboko akapita bonde zima akitangaza: "Wapenzi wa mpira! Nimewaandalia karamu. Siku ya mechi nitaweka maboga ng'ambo ya gogo. Maboga mabivu, matamu, yameiva kwa jua. Kila mmoja ajihudumie. Atakayewahi atashiba, atakayechelewa atalamba maganda!"

"Kiboko ana moyo mzuri!" wakasema wanyama.

Pimbi akasikia, akakaa juu ya jiwe lake. Akawaza kulia. Akaona kulia kutamchukua muda mrefu. Akawaza mambo mengine. Akayapanga, akayapangua, akayapanga tena, kisha akashuka mpaka mtoni, mikono nyuma, uso chini.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Umeniletea uwanja wangu?"

"Bado, mzee. Nimekuja na ombi moja dogo. Kesho, wenzako wakienda kula maboga, nawe nenda ukale nao."

Kiboko akatoa kichwa chote majini. "Kwa nini?"

"Hivi hivi tu. Mwenye karamu asipokaa na wageni wake, haipendezi."

"Pimbi, unanificha kitu."

"Mimi? Sikufichi kitu, mzee."

"Masikio yako yanatetemeka."

"Yanatetemeka siku zote, mzee, ndivyo yalivyo."

"Sema!" Kiboko akanguruma, maji yakaruka: pwaa!

Pimbi akajikunyata. "Haya, nasema. Unajua Bibi Kobe mwendo wake. Anaondoka nyumbani asubuhi na mapema, na akifika uwanjani tunakunja nyavu. Mechi hajawahi kuiona. Na unajua sheria yake: hasikilizi neno la aliyeambiwa, anasikiliza neno la aliyeona. Sasa kama wote mko kwenye maboga, nani atamwambia kwamba tuta lilikuwa tupu? Sisi wachezaji hatutasema. Refa atasema alikuwa anatazama mpira. Kwa hiyo, mzee wangu, nenda tu ukale maboga."

Kiboko akacheka mpaka samaki wakahama. "Ho, ho, ho! Kumbe ndiyo hila yenu! Nikale maboga, halafu nikose shahidi! Nitamweka Kunguru akae tutani."

"Kunguru? Si ndiye aliyemwambia Bibi Kobe mwezi umeanguka kisimani?"

"Nitamweka Fisi."

"Fisi! Utakuwa umemsikia Fisi akiacha karamu ya bure, mzee, mimi sijawahi."

"Basi nitakaa mimi mwenyewe!"

"Hapana, mzee! Lile jua! Na ngozi yako ilivyo laini!"

"Nitakaa!"

"Walau usikae mpaka kipenga. Ondoka mapema, kama ilivyo kawaida yako. Nakusihi!"

"Nitakaa katikati ya tuta," akasema Kiboko, "mpaka kipenga cha mwisho, na baada ya kipenga cha mwisho. Nenda ukalale, mtoto."

Pimbi akaondoka ameinamisha kichwa. Akatembea hivyo mpaka kwenye kona ya mawe ambako hakuna amwonaye, akaruka juu, akaruka tena. Kisha akasimama ghafla. Je, Kiboko akisinzia? Je, jua likimzidi akarudi majini? Wasiwasi ukaanza upya, na jioni ile hakula.

Siku ya mechi, wapinzani walikuwa Nyani wa Chuo cha Matawini, warefu, wana mikono kama kamba za kuanikia nguo. Refa alikuwa Korongo. Akasimama kwa mguu mmoja katikati ya uwanja, akapuliza kipenga chake cha tete: prrriii!

Tuta lilikuwa limejaa. Kanga yupo, Ngiri yupo, Tumbili yupo. Kiboko yupo katikati, amejipaka tope mara mbili.

Mpira haujazunguka sana, Nyani wakafunga. Moja bila. Na upepo ukageuka, ukaleta harufu ya maboga kutoka ng'ambo ya mto. Hata haikuwa lazima Kiboko ainuke. Kanga akanusa, akaondoka: pita, pita, pita. "Si Ngiri yupo?" Ngiri akaondoka. "Si Tumbili yupo?" Tumbili akaondoka. "Si Kanga yupo?" Na Kanga alikuwa ameshafika gogoni. Kipindi cha pili kilipoanza, tuta lilikuwa tupu kabisa, isipokuwa Kiboko.

Kiboko akatazama kushoto: tupu. Akatazama kulia: tupu. Akatabasamu, akaanza kuhesabu utamu wa nyasi zile.

Lakini mpira, wanangu, ni kitu cha ajabu. Ukikaa nao peke yako huna wa kuzungumza naye, macho yatakwenda wapi? Yataufuata.

Digidigi akapenya kati ya miguu ya mabeki, akateleza, akainuka, akafunga. Moja moja! Pimbi hakutazama goli, alitazama tuta. Sikio moja la Kiboko likasimama. Nungunungu akapiga krosi, ikapita juu kidogo. Sikio la pili likasimama. Nyani wakashambulia, Pimbi akapangua, Nyani wakashambulia tena, Pimbi akalalia mpira kama kuku aliyelalia mayai, na aliponyanyua kichwa akaona Kiboko ameteremka, amekaa mwisho wa tuta karibu na mstari, tope limemkaukia na kupasuka, wala hana habari.

Dakika za mwisho, Ngedere, beki wa chuo, akasahau mchezo ni wa miguu akaudaka mpira kwa mkono. Prrriii! Penalti. Nahodha wa Nyani akaweka mpira chini, akamtazama Pimbi, akamtazama tena, akacheka.

"Wewe kipa uko wapi? Nionyeshe, nisije nikakukanyaga."

"Nipo hapa, kaka," akasema Pimbi, akapunga mkono.

Alikuwa ameupima upana wa goli asubuhi, akaupima mchana. Alijua hatua zake haziwezi kufika nguzoni, si kushoto wala kulia. Basi akakaa palepale katikati, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Nyani akadhani ataruka upande. Akapiga katikati, kwa nguvu zake zote.

Pwa! Mpira ukaingia tumboni mwa Pimbi, Pimbi akaukumbatia, wakabingirika pamoja mpaka nguzoni, wakaishia hapo.

"Cheza!" akapiga kelele Korongo.

Pimbi, pumzi hana, akaurusha mpira kwa Nungunungu. Nungunungu akakimbia pembeni, tahadhari, tahadhari, asiuguse kwa mgongo. Akaupiga juu. Juu kweli. Na Digidigi, mfupi kuliko wote uwanjani, akaruka katikati ya Nyani watatu, akaupiga kwa kichwa. Mpira ukagonga mtambaa panya: tang'! Ukashuka, ukagonga kisogo cha kipa wa Nyani: tii! Ukaingia wavuni: fyuu!

Na tutani, peke yake kwenye tuta zima, Kiboko akasimama kwa miguu ya nyuma. "GOOOO—"

Akajifunika mdomo. Akakaa.

Prrriii! Prrriii! Prrriiiiii!

Mbili moja. Chuo cha Miambani kilikuwa hakijashinda mechi tangu kianze kuwa chuo. Wachezaji wakarukiana, wakaangukiana, wakamkumbatia Nungunungu wakajuta. Hapakuwa na shabiki hata mmoja wa kuwapigia makofi.

Wakati wanakunja nyavu, Bibi Kobe akafika. Na kutoka gogoni wakarudi mashabiki kusikia hukumu, matumbo mbele, mbegu za maboga zimewaganda videvuni.

"Nimefika," Bibi Kobe akasema. "Tuta lilikuwaje kipenga kilipolia?"

"Tupu!" akanguruma Kiboko. "Tupu kama chungu changu! Kanga hayupo, Ngiri hayupo, Tumbili hayupo!"

Mashabiki wakatazamana. "Si wewe ulisema utakaa?" "Si wewe?" Kanga akainamisha kichwa.

"Umeambiwa au umeona?" Bibi Kobe akauliza.

"Nimeona! Kwa macho yangu! Nilikaa palepale katikati, toka mwanzo mpaka kipenga cha mwisho!"

Pimbi akanyoosha mkono. "Bibi, mzee amesema mwenyewe. Alikaa tutani mpaka kipenga cha mwisho. Basi mtazamaji alikuwepo."

Minong'ono ikaanza: heee! Kiboko akafumbua mdomo, akaufumba. Akaelewa. Akatazama huku, akatazama kule, kisha macho yake yakang'aa.

"Bibi, ulisema mtazamaji ni anayeutazama mchezo. Mimi sikuutazama mchezo! Niliupa uwanja mgongo. Kazi yangu ilikuwa kutazama tuta, nikalitazama tuta. Mpira ulichezwaje, mimi sijui. Nani kashinda, sijui. Hata rangi ya mpira siijui!"

Bibi Kobe akaingiza kichwa gambani, akakitoa tena. "Alilosema lina maana," akasema hatimaye. "Aliyegeuza mgongo si mtazamaji."

Hili Pimbi hakuwa amelipanga. Akautazama uwanja, nyasi zile laini, mistari ya majivu aliyoichora asubuhi kwa mkono wake. Digidigi akatoa sauti ndogo kama ya kulia. Nungunungu akalegeza miiba yake yote.

Kisha Pimbi akamtazama Kiboko, akaona kitu. Mguu wa mbele wa Kiboko ulikuwa bado unacheza chini: tu, tu, tu. Mguu wa mtu mwenye furaha.

"Sawa, Bibi," akasema Pimbi kwa unyonge. "Uwanja auchukue. Naomba tu kabla hatujaondoka niwasimulie wenzetu lile bao la mwisho, maana hawakuliona, na hakuna aliyeliona isipokuwa sisi wachezaji."

"Simulia," akasema Bibi Kobe.

"Ilikuwa hivi. Digidigi alipewa pasi fupi, chini."

Digidigi akataka kusema kitu. Pimbi akamkanyaga kwato.

Kiboko akajikuna.

"Akasimama peke yake, hakuna beki hata mmoja karibu."

Kiboko akakohoa. Akatazama mawingu.

"Akaupiga polepole, kwa mguu wa kushoto."

Masikio ya Kiboko yakaanza kuzunguka. Akang'ata mdomo wa chini, akang'ata wa juu.

"Na mpira haukugusa kitu, Bibi. Ulijiviringisha tu, taratibu, mpaka wavuni. Lilikuwa bao la kawaida. Bao la hivi hivi."

"LA HIVI HIVI?" Kiboko akalipuka, tope likamruka mwilini. "Muongo mkubwa wewe! La hivi hivi? Pasi ilitoka juu! Juu, kwa Nungunungu, upande wa mtoni! Nyani walikuwa watatu pale, watatu! Kadigidigi haka kakapaa, kakapiga kichwa, mpira ukagonga mtambaa panya, tang'! ukashuka, ukampata kipa kisogoni, tii! ukaingia! Na kabla ya hapo wewe mwenyewe umedaka penalti kwa tumbo lako lote! Sijaona bao kama lile tangu nizaliwe! La hivi hivi, eti! Wewe kwani ulikuwa wapi?"

Wote wakamgeukia Kiboko.

"Wewe kwani ulikuwa wapi, mzee?" akauliza Pimbi kwa adabu.

Kiboko akabaki mdomo wazi, na mdomo wa Kiboko ukiwa wazi, mnajua, kila mtu anauona.

Kwanza akacheka Bibi Kobe, taratibu, kama anavyofanya kila kitu. Kisha vifaranga. Kisha bonde zima. Hata Nyani waliofungwa walicheka mpaka wakashikana. "Mtazamaji alikuwepo," Bibi Kobe akasema akijifuta machozi. "Tena hakupepesa. Uwanja ni wa chuo."

Pimbi akabebwa juu juu, akawa anapiga kelele wasimwangushe. Na Kiboko? Alinuna, ndiyo. Akageuka kwenda mtoni. Lakini Kanga akamkimbilia, na vifaranga nyuma: pita, pita, pita.

"Mzee, samahani. Ile penalti. Ilikuwaje hasa?"

Kiboko akasimama. "Kwani wewe hukuiona?"

"Nilikuwa kwenye boga, mzee."

"Pole sana," akasema Kiboko, na kweli alimwonea huruma. Akarudi, akakaa katikati ya tuta, wote wakamzunguka, akaanza mwanzo. Alipofika kwenye mtambaa panya wakamwambia, "Rudia hapo!" Akarudia. Jua lilipokuwa linazama mpira ulikuwa unagonga mtambaa panya mara tatu, na Nyani pale wamekuwa saba, na hakuna aliyeinuka kuwahi gogo.

Haya. Ngano ina funzo lake, na funzo la hii liko wazi hata kwa kipofu. Wanangu, mkienda kwenye mechi, ondokeni mapema! Kanga aliondoka mapema, akala boga. Ngiri aliondoka mapema, akala maboga mawili. Tumbili aliondoka mapema, mbegu zake bado anatafuna. Ni mmoja tu aliyekaa mpaka kipenga cha mwisho, tena bondeni kote hakuna mwenye nguvu kama zake, na yeye ndiye aliyerudi nyumbani na njaa, amepoteza malisho ya maisha yake yote kwa ajili ya bao moja la kichwa. Msikae mpaka mwisho. Mwisho una hasara.

Ngano yangu ilikuja na kichwa?

— Ilikuja!

Na Pimbi hana mkia, ila ngano yake inao. Mmeushika?

— Tumeushika!

Basi uachieni, uende na mwenyewe. Na ninyi wa mlangoni, mnangoja nini tena? Inukeni. Gogoni kutajaa.